Mti Haunywi Mto
Mhadhara kuhusu matandazo na ratiba ya maji katika mashamba ya miembe ya Wema



Nimeombwa nizungumze juu ya kuokoa maji katika mashamba ya matunda. Mgeni akisikia kwamba watu wa Wema, katika Delta ya Tana, wamekutana kujadili uhaba wa maji atashangaa, kwa maana Tana, Tsana ya Wapokomo, inapita hapa mlangoni, na miaka mingine huingia ndani bila kubisha hodi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalibomoa kingo na mifereji ya mradi wa mpunga wa TARDA (mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi) uliokuwa tegemeo la Wema, Hewani na Kulesa. Baadaye tulipita katika misimu mitano mfululizo ya mvua haba, mifugo ikafa malishoni. Kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja, na Aprili na Mei 2024 yakarudi tena. Sisi ni watu ambao maji hutujia yote kwa pamoja au hayaji kabisa.

Neno langu la leo ni hili: mti haunywi mto, mti hunywa udongo. Mwembe ulio hatua ishirini kutoka ukingoni unaweza kukauka, na mwembe ulio mbali ukazaa, kwa sababu kinachoulisha mti ni unyevu ulio kwenye mizizi yake leo, si maji yanayoonekana yakipita. Tukilielewa hili, tutaacha kuuliza, "Nitapata wapi maji zaidi?" Tutauliza, "Maji niliyomwaga juzi yamekwenda wapi?"

Tuko mwisho wa mto

Tana huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ikasafiri kiasi cha kilomita 1,000 mpaka Bahari ya Hindi. Kabla haijafika kwetu imeshatumikia wengi. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, hukusanya maji ya vijito vyake ili Nairobi inywe. Mwea hulima mpunga kwa maji ya Thiba na Nyamindi. Yako pia mabwawa ya umeme ya Seven Forks: Kindaruma la 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Halafu kuna skimu za Bura na Hola. Kinachofika Garsen, hapa kwetu, ni kile kilichobaki baada ya wote hao kuchota.

Nasi hatuko peke yetu mwishoni. Chini yetu wako ndugu zetu wa Ozi na Kipini. Mto unapopungua nguvu, bahari hupanda, na maji ya chumvi huingia katika mashamba yao ya mpunga na minazi. Kwa hiyo maji tunayoyavuta kwa pampu na kuyapoteza juani hayatugharimu petroli peke yake. Yanapunguza ule msukumo wa maji matamu unaoizuia bahari isipande.

Udongo ni ghala

Tuanze na kipimo kimoja ambacho nitakitumia mpaka mwisho. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 ni lita 20, yaani dumu moja, kwa kila mita ya mraba.

Sasa tazameni ghala letu. Udongo tifutifu wa kingo za mto, ule ulioletwa na mafuriko, ukichimbwa kina cha mita moja huweza kumwekea mmea kiasi cha milimita 150 za maji. Udongo wa mchanga huweka karibu nusu ya hapo. Udongo mzito mweusi wa bondeni huweka mengi, lakini huyashika kwa nguvu, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Ufa ni mlango: jua na upepo huingia kupitia humo mpaka kwenye mizizi.

Mwembe una mizizi inayokwenda chini sana, ndiyo maana miembe ya mababu zetu huishi bila kumwagiliwa. Hata hivyo mizizi myembamba inayofanya kazi kubwa ya kunyonya maji na chakula iko katika sentimita 60 za juu. Hilo ndilo ghala la kila siku, na hapo ndipo tunapoibiwa.

Jua hunywa kwanza

Garsen hupata takriban milimita 500 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Jua na upepo wa hapa vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka huo huo. Jua letu basi lina kiu mara nne ya mvua tunayopata.

Lakini jua halikaushi udongo kwa mwendo mmoja siku zote. Ardhi tupu ikiwa imelowa juu, maji huvukizwa upesi, karibu kama yanavyovukizwa kutoka kwenye sufuria iliyo wazi. Baada ya siku chache ngozi ya juu hukauka, na ngozi hiyo kavu huwa kama kifuniko: maji yaliyo chini yake hutoka polepole. Hasara kubwa iko katika siku zile za mwanzo.

Fikirini sasa mkulima anayemwagia kila jioni, kidogo kidogo, juu ya ardhi tupu. Kila siku anailowesha ngozi, na kila siku jua linaanza upya kunywa kwa kasi. Maji yake hayafiki sentimita 30. Mizizi nayo hufuata maji, ikajazana juu karibu na joto. Siku pampu ikiharibika, mti huo hauna akiba. Nimewahi kuwashauri watu wamwagie hivyo katika miaka yangu ya mwanzo, nikiamini kwamba kumwagia kila siku ndiyo bidii. Nilikosea, na miche iliyokauka mikononi mwa watu walioniamini ndiyo iliyonifundisha. Nalisema hapa ili asiwepo mtu wa kurudia kosa lile kwa kutegemea neno langu la zamani.

Matandazo na ratiba ni jembe na mpini

Matandazo ni kifuniko tunachokiweka sisi badala ya kungoja ardhi ijifunike kwa kukauka. Majani makavu yakitandazwa unene wa sentimita 10 hivi huzuia jua lisiupige udongo, huzuia upepo usiubebe mvuke, hupunguza nyufa katika udongo mzito, na huyanyima magugu mwanga. Yakioza huwa chakula cha udongo, na udongo wenye mboji hushika maji zaidi.

Wengi hufikia hapo wakasimama. Hutandaza, kisha wakaendelea kumwagia kama walivyozoea, na matokeo yake huwa mabaya kwa njia mbili. Anayenyunyizia kidogo juu ya majani hulowesha majani. Maji hukauka humo humo bila kuugusa udongo. Anayemwagia mengi kwa tarehe zile zile za zamani huujaza udongo ambao bado una maji. Hewa hukosa nafasi, mizizi huoza, majani ya mti huwa manjano, naye akiona manjano hudhani ni kiu, akaongeza maji. Matandazo bila ratiba mpya ni jembe lisilo na mpini. Ukifunika, ni lazima umwagie kwa nadra zaidi, na ukimwagia umwagie kwa kina.

Tandaza nini, lini na vipi

Wakati mzuri kwa mti mkubwa ni masika yanapoisha, karibu Juni, ardhi ikiwa bado imelowa. Matandazo huhifadhi kilichopo: ukifunika udongo mkavu umehifadhi ukavu. Katika mashamba ya chini yanayofikiwa na mafuriko, usitandaze Machi ukitarajia masika, maana mto utayachukua yote.

Kwanza weka samadi iliyooza, kwa sababu mabua makavu yanapoanza kuoza hukopa naitrojeni ya udongo. Kisha tandaza kutoka karibu na shina mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia, na hata kupita kidogo, kwa kuwa mizizi inayonyonya iko huko nje, haiko shinani. Acha nafasi wazi ya shibiri moja au mbili kuzunguka shina. Nafasi hiyo huliepusha shina na unyevu unaoozesha gome, nawe unaiona njia ya mchwa kabla hajafika mtini. Kati ya mti na mti acha ukanda usio na majani, ili moto ukitokea usitembee shamba zima.

Embe zilizoanguka zisiachwe juu ya matandazo. Nzi wa matunda aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 hutaga ndani ya embe. Buu hutoka katika tunda lililoanguka na kujificha udongoni mpaka awe nzi. Nzi huyo ndiye aliyeifanya Kenya isitishe yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguka tena mpaka 2021. Okoteni embe kila siku mbili, mzitie katika mfuko mweusi uliofungwa na kuachwa juani, au mzifukie chini sana.

Majani haya ni ya nani?

Hapa nazungumza na wafugaji na wakulima pamoja. Vitabu vingi vya kilimo husema, "Tandaza mabua ya mpunga," kana kwamba mabua hayana mwenyewe. Katika Delta hii mabua ya mpunga ni chakula cha ng'ombe wa Waorma na Wawardei wakati wa kiangazi, na ni sehemu ya makubaliano ya ujirani wetu tangu zamani. Mwaka 2012 Delta ilizika zaidi ya watu 100 katika mapigano yaliyofungamana na maji, malisho na ardhi. Sitaki kuleta ushauri wa kilimo utakaoongeza hata kokoto moja katika mzigo huo.

Kwa hiyo nasema, tuanze na yale ambayo ng'ombe hayataki. Majani ya mwembe wenyewe, ambayo wengi wetu huyafagia na kuyachoma kila asubuhi, ni matandazo bora na hayana gharama: tunauchomea mti shuka lake. Majani makavu ya mgomba yapo katika kila shamba. Makapi ya mpunga yaliyorundikana penye mashine za kukoboa hakuna mnyama anayeyagombania. Yatandazwe kwa unene mdogo, na kuzuiwa kwa matawi yasipeperushwe. Mathenge, mti uliopandwa Bura na Hola ukatuvamia, una majani mengi. Yakusanywe kabla ya maganda kukomaa, yaozeshwe kwanza, maana ganda moja likibaki shambani umepanda mathenge chini ya mwembe wako.

Mabua ya mpunga yatumike kwa miche tu, na baada ya kuelewana. Mche wahitaji kumbatio dogo la mabua. Ng'ombe wahitaji mzigo mzima. Na anayepokea samadi ya jirani yake mfugaji ana sababu ya kumwachia mabua.

Hesabu ya maji ya mwembe

Sasa ratiba. Ratiba hujibu maswali mawili: lini, na kiasi gani.

Chukueni mwembe mkubwa ambao kivuli chake, jua likiwa utosini, kina upana wa mita sita. Eneo la kivuli hicho ni karibu mita 28 za mraba. Siku ya kawaida, hewa ya hapa huweza kuvuta kiasi cha milimita 5. Mti wenye ardhi iliyofunikwa tuukadirie sehemu saba za kumi za hizo, yaani milimita 3.5. Zidisha mara 28: unapata karibu lita 100 kwa siku, sawa na madumu matano.

Msiogope, wala msikimbilie kubeba madumu matano kila siku. Rudini kwenye ghala. Tifutifu huweka milimita 150 kwa mita moja, kwa hiyo sentimita 60 zina milimita 90. Tusiuache mti ukafika mwisho wa akiba. Tutumie nusu, milimita 45. Gawanya kwa 3.5: karibu siku 13. Mwembe huo ukijazwa vizuri unaweza kukaa kama siku kumi na mbili kabla ya kumwagiwa tena. Kwenye mchanga hesabu hiyo hiyo hutoa karibu wiki moja, na maji yatakayotakiwa kila mara ni nusu. Kujaza ghala la tifutifu ni lita 1,260, kazi ya pampu na jaruba dogo lililozungushwa mti, si kazi ya kichwa cha mama.

Mche wenye kivuli cha mita moja hutumia lita tatu hivi kwa siku. Dumu moja la lita 20 kila siku tano au sita latosha, likimwagwa taratibu. Kwa mche pia mtungi wa udongo usiopakwa rangi ukifukiwa pembeni, shingo ikabaki nje na kufunikwa, hutoa maji kupitia kuta zake kadiri udongo unavyokauka.

Hesabu hizi si sheria. Ni makadirio ya kuanzia. Hakimu ni udongo, naye huulizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nondo: baada ya kumwagia, usiku ukapita, ichomeke ardhini. Itapita palipolowa na kukwama palipo pakavu. Ikikwama sentimita 20, mizizi ya chini haikupata kitu. Ya pili ni mkono: kabla ya kumwagia, chimba sentimita 30 ukingoni mwa kivuli, toa udongo, ufinye. Ukifanya donge linalong'ang'ana, ahirisha. Ukimomonyoka kabla hujafungua vidole, washa mashine.

Na mvua ipimwe. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likawekwa mahali pa wazi, na rula ya mtoto wa shule, vyatosha. Mvua ya milimita 20 imeuletea mwembe wako lita 560, madumu 28. Songeza tarehe mbele. Mvua isiyofika milimita 5 juu ya matandazo usiihesabu.

Kalenda ya mti, si ya pampu

Mwembe hauhitaji maji sawasawa mwaka mzima. Kabla ya kuchanua unahitaji kupumzika kavu. Ukimwagia sana wakati huo, mti huchipua majani badala ya maua. Kwa hiyo masika yakiisha, miembe inayozaa iachwe mpaka ichanue, wengi wetu tukiiona hivyo kati ya Julai na Septemba.

Maua yakishika, na viembe vikawa sawa na punje ya mbaazi, hapo ndipo maji yana thamani kuliko wakati wowote. Kiu ya wiki hizo huangusha matunda machanga. Kama petroli yako ni ya mara tatu tu kwa mwaka, zitumie zote kuanzia hapo mpaka embe lijae. Vuli ikija Oktoba au Novemba, kopo la mvua likuongoze. Wiki mbili au tatu kabla ya kuchuma, simamisha maji, embe likusanye utamu. Kaskazi ya Januari mpaka Machi ni wakati wa miche: miti mikubwa iliyofunikwa huvumilia, mche wa mwaka wa kwanza haukusamehe.

Waliojifunza kungoja

Mtu aweza kuuliza kama wakulima wa kawaida wamewahi kupunguza maji wakafaidika. Wapo, nao ni majirani zetu. Katika mradi ulioanza 2013, wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, Tanzania, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania na Australia, walipewa kifaa kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa katika shirika la utafiti la CSIRO. Vipimo hufukiwa katika vina mbalimbali, na taa huonyesha buluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa na unyevu wa kutosha, na nyekundu ukikauka.

Siku ya zamu ilipofika, wakulima wa Kiwere waliona taa bado ni buluu, wakaanza kuruka zamu. Maji yalipopungua, mbolea haikuoshwa tena kwenda chini kusikofikiwa na mizizi, mavuno yakapanda. Muda uliokuwa ukiliwa na mfereji ukapatikana kwa kazi nyingine, na ugomvi wa maji ukapungua. Wao walitumia taa. Sisi tuna nondo na mkono, na swali linaloulizwa ni lile lile.

Funzo kubwa liko kwenye zamu. Mtu hufungulia maji asiyoyahitaji kwa sababu anajua akiikosa zamu ya leo hataipata nyingine. Hofu hiyo haiondolewi na ushauri wa bwana shamba. Huondolewa na makubaliano. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Chama kinaweza kukubaliana kwamba anayeruka zamu huwekewa haki yake, na jirani mwenye mchanga hutangulia mwenye tifutifu. Gasa, baraza letu la wazee, inajua kushika makubaliano ya namna hii kuliko ofisi yoyote.

Kazi ya kwanza

Ninawaomba jambo moja kabla hatujaagana. Kila mwenye shamba achague miembe miwili iliyo sawa. Mmoja aufunike Juni hii, mwingine auache kama zamani. Kila anapotaka kumwagia, achimbe kwanza, afinye udongo, kisha aandike katika daftari la mtoto: tarehe, mti gani, maji kiasi gani. Vuli ikianza, tukutane tena hapa na madaftari yetu, nanyi wafugaji mje mtuambie kama mabua yenu yalifika.

Sitaki mniamini mimi. Nataka mzisome namba zenu wenyewe, zilizoandikwa kwa mkono wenu, juu ya udongo wenu. Zikionyesha kwamba mti uliofunikwa umeomba maji mara chache na umeshika embe, basi maji yale ambayo hamkuyavuta yatakuwa yamebaki mtoni. Yatapita Garsen, yatashuka Ozi, na yatakutana na bahari yakiwa bado na nguvu ya kuirudisha nyuma.